Mswaki wa Fumba

Ijumaa, 4 Shaabani

Mansour amerudi kazini ameshaoga. Mtu anayeshinda kumwagilia bustani ya watu na kuwasha pampu ya maji hurudi na jasho lake, akaogea kwake. Huyu amerudi nywele mbichi, shati jingine, kikoi kingine, ananukia sabuni ambayo mimi sikuinunua. Nimemuuliza mbona kaoga huko. Akasema Fumba kuna joto, kana kwamba sisi wa Malindi, hapa Unguja mjini, tunakaa ndani ya friji.

Nimechukua kofia yangu nikaendelea kushona.

Jumatatu, 7 Shaabani

Joto. Jino la nyuma upande wa kulia limeniamsha kabla ya adhana. Nimeweka karafuu.

Jumatano, 9 Shaabani

Ameoga tena. Leo nimemwangalia kucha wakati anamenya chungwa. Zina udongo. Sasa nieleze wewe daftari: mtu anaoga kwa sabuni ya kunukia, kisha kucha zinabaki na udongo, kaogea wapi huyo?

Ijumaa, 11 Shaabani

Bora niandike kila kitu kwa utaratibu, ili siku nikisimama mbele ya kadhi nisibabaike.

Mimi ni Tahiya, mshona kofia. Mume wangu Mansour alikuwa bandarini mpaka alipostaafu, na tangu mwaka jana anaangalia nyumba ya Wazungu wawili, mtu na mkewe, kule kwenye nyumba mpya za Fumba. Wao wanakwenda na kurudi, yeye yupo pale asubuhi mpaka alasiri. Tumeoana zaidi ya miaka thelathini. Mtoto hatukujaaliwa. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na mimi sikuwahi kuacha kuogopa siku atakayompata kwingine. Hofu hiyo nimelala nayo ujana wangu wote na nimezeeka nayo.

Dada yangu Nadra, anayekaa Amani, mumewe alioa Bububu kimyakimya. Nadra aliipata habari harusini, kwa mwanamke aliyekuwa akipakua pilau. Nadra anasema dalili ya kwanza ni kuoga. Dalili ya pili ni kulala akiutazama ukuta.

Mansour anautazama ukuta tangu Rajab. Zamani tulikuwa tukilala uso kwa uso tunazungumza mpaka mmoja wetu asinzie na mwenziwe abaki anaongea peke yake. Sasa taa ikizimwa tu anageuka, ananipa mgongo, ananiambia lala salama kwa ukuta.

Jumanne, 15 Shaabani

Nisfu Shaabani, nimefunga. Karafuu sikuweka mchana kutwa. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 18 Shaabani

Tangu nilipofundishwa kushona na marehemu mama, uzi mimi naukata kwa meno. Siku hizi nikiuma uzi mbele, maumivu yanapiga mpaka nyuma, kwa hiyo nilikuwa natafuta wembe. Nikapekua mfuko wa Mansour anaokwenda nao kazini. Wembe sikuupata. Nimepata mswaki.

Mswaki mdogo, wa rangi ya waridi, nywele zake laini. Mswaki wa mtoto. Si mpya, umeshatumika, lakini umeoshwa vizuri na kufungwa ndani ya kitambaa kwa uangalifu ambao sijauona kwa mwanamme yeyote.

Nimekaa kitako sakafuni. Kisha nimeurudisha vilevile ulivyokuwa, kitambaa nimekikunja kama alivyokikunja yeye. Aliporudi nilimpa chai kama siku zote. Nimejishangaa.

Jumapili, 20 Shaabani

Alikuwa kwenye ngazi anazungumza na simu, mimi niko nyuma ya mlango. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Amekula, lakini anatafuna upande mmoja tu. Jumamosi ntampeleka kwa daktari, usitie wasiwasi."

Kwa sauti ya upole. Sauti ile ilikuwa yangu.

Nimekaa nikafikiri kuhusu huo upande mmoja. Mimi natafuna upande mmoja tangu Rajab. Tunakula sinia moja, mkono wake na mkono wangu, na hajaniuliza. Lakini kuna mtoto Fumba anatafuna upande mmoja na baba yake amekosa raha.

Jumatano, 23 Shaabani

Nimemwambia Nadra. Hakushangaa, na hilo limeniuma kuliko angeshangaa. Amekaa akapiga hesabu: mtoto wa mswaki ule ni wa miaka miwili au mitatu, kwa hiyo hii kazi ya Fumba imekuja baadaye, mtoto alikuwapo kabla. Amenishauri nisiseme kitu mpaka nione kwa macho yangu.

Akaniuliza mbona shavu langu nalishika. Nikamwambia ni jino, na Mansour asijue. Akasema niende nikaling'oe. Ndivyo tulivyolelewa: kwa daktari wa meno mtu anakwenda kung'oa, na haendi mpaka ameshindwa kulala. Lakini sasa hivi siendi. Mume ana mtoto wake Fumba, na mama wa mtoto bila shaka ana meno yake yote, halafu mimi nianze kurudi nyumbani na mapengo? Nimfungulie mlango mwenyewe?

Jumamosi, 26 Shaabani

Ametoka asubuhi kumpeleka mtoto wake kwa daktari. Mimi ameniambia kuna fundi wa pampu. Amerudi amechoka lakini amefurahi, akala chapati tatu. Nilimtazama anavyokula mpaka akaniuliza nina nini.

Alhamisi, 1 Ramadhani

Mfungo umeanza. Ameleta tende, ndizi mbivu, na kanga nzuri ambayo sikumwomba. Kila akinifanyia wema natafuta kilicho nyuma yake. Karafuu naweka baada ya magharibi tu, na mchana namwachia Mungu.

Jumatatu, 5 Ramadhani

Kofia mbili zimeagizwa kwa ajili ya Idi. Nashona polepole. Joto halipungui, mvua haina habari.

Alhamisi, 8 Ramadhani

Leo nimeona.

Jirani yetu Kheir ana teksi. Nilimwambia mimi na dada yangu tunataka kutazama nyumba za Fumba, labda kuna za bei yetu. Alicheka kwa adabu akatupeleka. Njia nzima Nadra alikuwa akinifundisha la kusema. Nisipige kelele, nisimguse mwanamke, nimtazame mtoto usoni nione amefanana na nani. Mimi nilikuwa nikisoma nyiradi na kinywa kimekauka, jino linapiga kama lina moyo wake.

Nyumba yenyewe ina ukuta mweupe na lango la chuma. Tulimwacha Kheir mbali kidogo. Tulipofika ukutani tukaisikia sauti ya Mansour upande wa pili, karibu kabisa.

"Fungua mdomo, mama. Hivyo hivyo. Haya, na upande wa huku. Shida imekwisha, mama, shida imekwisha."

Kwa hiyo ni mtoto wa kike. Nadra alinikamata mkono. Miaka yote ile nilikuwa nikifikiri nikifika mahali hapa nitapiga mayowe, kumbe nilichotaka ni kukaa chini tu nilie, kwa sababu sauti ile ilikuwa sauti ya baba, na ilimfaa. Lango halikufungwa. Nikalisukuma.

Mansour amekaa kwenye kigoda, amevaa glavu za mpira. Juu ya paja lake kuna kichwa cha mbwa, na mswaki wa waridi uko ndani ya mdomo wa mbwa.

Mbwa hakubweka. Alitutazama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyekaa kwa kinyozi na hataki kutikisika. Nadra alisema astaghfirullah, akakusanya buibui lake lote mkononi, akarudi mpaka nje ya lango.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka jino likanikata na nikashika shavu, na bado nacheka. Kisha nikamuuliza mume wangu, "Huyu ndiye uliyempeleka kwa daktari?"

"Ndiye," akasema. "Anaitwa Njugu."

Akanieleza huku glavu ziko mkononi na mbwa kamlalia mguuni. Alipoanza kazi alimkuta Njugu hali chakula, anatoka udenda wa damu, na harufu ya kinywa chake ilikuwa haikaliki. Mama mwenye nyumba, Mzungu aliyekaa hapa hadi Kiswahili amekijua, alimwomba ampeleke kwa daktari wa wanyama. Daktari alimlaza kwa dawa akamng'oa meno manne yaliyooza, akasema yaliyobaki yatadumu kwa masharti mawili: asuguliwe kila siku, kwa dawa yake maalumu na si hii yetu, na aletwe kutazamwa kila miezi sita hata akiwa mzima. Kwa mnyama, alisema, uozo wa ufizi unaingia kwenye damu na kuharibu viungo vingine, na mbwa hana wa kumwambia. Ule upande mmoja uliokuwa ukimsumbua karibuni ulikuwa jino lililopasuka kwa kutafuna mfupa.

Kusugua alikuwa akifanya mama mwenyewe, mpaka aliposafiri mwanzo wa Shaabani akamwachia Mansour. Kisha akanionesha ndoo, na kopo la udongo. Kila akimaliza anaosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa mate ya mbwa, anaoga, anavaa nguo nyingine, ndipo anarudi kwangu. Kucha, shati, sabuni, vyote vikawa wazi pale pale.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ngekwambia, ungenikubali kitandani?"

Nilifikiri kwa haki. Nisingemkubali.

Ijumaa, 9 Ramadhani

Furaha yangu haikufika magharibi.

Nilikuwa nimekaa nasubiri mwadhini, tende mkononi, Mansour mbele yangu, nikakumbuka tena upande mmoja. Mbwa anatafuna upande mmoja, Mansour ameona, amepiga simu, amempeleka kwa daktari. Mtu huyu ana macho basi. Anajua kutazama kinywa. Na mimi nimekaa mbele yake tangu Rajab.

Nilimwogopa mke, nikamwogopa mtoto. Leo namwonea wivu mbwa, na siwezi kumweleza mtu yeyote. Kama hakuona, sina uzito kwake. Kama ameona akanyamaza, basi amenichoka, na anautazama ukuta kwa sababu ameshamaliza kunitazama. Mke wa pili ningegombana naye. Hili sijui nigombane na nani.

Nimemtandikia sebuleni. Nimemwambia ni kwa sababu ya mbwa.

Jumatatu, 12 Ramadhani

Ameniuliza, "Jino linakuuma?" Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna, akatoka kwenda msikitini. Mtu anayeuliza jambo kisha anakimbia anaficha kitu.

Jumatano, 14 Ramadhani

Amerudi na maneno ya imamu, kuwa mgonjwa ana ruhusa, atibiwe, siku zake atazilipa. Sikumtuma kwa imamu. Nimemwambia nitakwenda baada ya Idi, sindano siitaki na saumu yangu. Ana haraka ya nini?

Alhamisi, 15 Ramadhani

Sikushona.

Jumapili, 18 Ramadhani

Uso wangu umevimba upande wa kulia mpaka jicho limefumba. Homa. Nikijitazama kwenye kioo namwona mtu mwingine. Mansour hakwenda Fumba. Nimemsikia akimwambia mama mwenye nyumba kwenye simu kuwa leo Njugu atasubiri, mke wangu mgonjwa. Nadra amekuja na uji, akaniambia kama ni ubishi basi nimeshashinda, niende hospitali.

Jumatatu, 19 Ramadhani

Nimekula saumu yangu, Mungu anisamehe, nimekwenda.

Daktari ni msichana, Yusra, mdogo kiasi cha kunipa shikamoo kabla sijakaa. Alinipasua usaha, akaling'oa jino. Nilidhani nitasikia maumivu yote, na kwa ile sindano sikusikia kitu. Akatazama kinywa changu chote kwa kioo kidogo, akaniuliza, "Bi Tahiya, wewe unashona kofia?" Nikamuuliza kajuaje. Akanionesha kwenye kioo: meno yangu ya mbele yana mfereji, uzi wa miaka yote umechimba. Nilishtuka kama mtu aliyepekuliwa.

Jino la pembeni yake litang'olewa nalo, usaha umeshalizunguka. La tatu linazibika. Akasema ningefika Rajab, lilipoanza kuuma, hata hili la leo lingezibwa tu na lingebaki. Akauliza mara ya mwisho nimetazamwa meno lini. Nikasema nikiwa skuli. Hakucheka. Akaniambia nije kila miezi sita, linauma haliumi. Mimi nikaona ndiyo maneno ya mwenye duka, kila mwenye duka anataka urudi. Lakini Mansour, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema ndivyo alivyosema hata daktari wa wanyama, neno kwa neno.

Yusra akamgeukia. "Na wewe mzee wangu, mara ya mwisho lini?"

Mansour akasema yeye hana neno, yake hayamuumi. Akaombwa afungue atazamwe kidogo. Akaangalia saa yake, akasema atakuja baada ya Idi. Niliujua ule uwongo, ulikuwa wangu.

Jumamosi, 24 Ramadhani

Uvimbe umekwisha. Kofia moja nimemaliza, ya pili Nadra amenisaidia. Uzi nakata kwa mkasi, na kila mara meno yanataka kuuwahi. Mansour bado analala sebuleni na hajalalamika. Hilo nalo nalitazama.

Jumamosi, 1 Shawali

Idi mubaraka. Nimekula upande wa kushoto, nikashiba.

Jumatatu, 3 Shawali

Mansour anasema Jumatano, siku aliyopangiwa na Yusra, hawezi kwenda kwa daktari, ana kazi nyingi Fumba. Nimechukua namba kwenye simu yake nikampigia mama mwenye nyumba mwenyewe. Ameniambia, kwa Kiswahili kizuri kabisa, kuwa Jumatano amempa ruhusa tangu wiki iliyopita. Nimemwekea Mansour simu mkononi huku mama mwenyewe bado anazungumza.

Jumatano, 5 Shawali

Mwanamme anayetia mkono kinywani mwa mbwa kila siku ameingia kwa Yusra amejificha nyuma yangu. Nimemshika mkono, ulikuwa wa baridi. Alipofungua mdomo, Yusra alisogeza taa karibu. Mbele meno yanang'aa, kwa sababu mbele ndiko anakopitisha mswaki. Nyuma ufizi unatoka damu ukiguswa, na magego mawili hayakuwa na la kuokoa. Yusra akamuuliza huyo mbwa anamsugua vipi. Mansour akaeleza: kwenye ufizi, polepole, mbele na nyuma, hakuna pembe inayoachwa. Alieleza vizuri sana. Kisha akalijua alilolisema, akafumba macho, akasema haya ng'oa.

Tulitoka na pamba mdomoni mwake, amri ya daktari ni nusu saa aiume asiongee. Tulipofika Mkunazini mvua ikamwagika, ya kwanza ya masika, tukajibanza kwenye baraza ya duka lililofungwa. Mbele maji, nyuma mlango, na Mansour hawezi kusema neno. Nikaona nafasi kama hii sitaipata tena.

Nikamuuliza, "Uliliona jino langu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini? Tangu Rajab?"

Akaitikia. Akaonesha pua yake. Nikaelewa, na uso ukanichoma moto. Yeye aliyekuwa akiinusa ile harufu ya Njugu kila siku aliijua mara moja ilipoanza kitandani kwake.

"Ndiyo maana ukawa unaugeukia ukuta."

Akaitikia, macho chini.

"Na hukunambia. Ulihofia ntasema umenichoka?"

Akaitikia mara nyingi, kama mtu aliyeteremshiwa mzigo. Na ni kweli, ningesema hivyo. Mbwa ukimwambia kinywa chake kimeoza hakufikirii vibaya. Mimi nilikuwa nishamwandalia kadhi. Jino langu limekwenda kwa ajili hiyo, na la pili linalifuata, yeye ananihofia na mimi namshuku, tumekula sinia moja.

Mvua ilikuwa kubwa, watu wanapita mbio wamejifunika mifuko. Lilikuwa limebaki suali moja. Sikutaka kuliuliza, na nimelibeba tangu tulipoanza kukosa mtoto, zamani sana, kabla ya Fumba na kabla ya mbwa yeyote.

"Mansour. Uliwahi kufikiri kuniacha?"

Hakutikisa kichwa. Alitia vidole mdomoni akaitoa pamba, damu ikamshukia mpaka kidevuni na kwenye kanzu ya Idi.

"Hata siku moja," akasema. "Hata siku moja, Tahiya."

Nikalia pale barazani, na watu wanaona. Kisha nikamfuta kidevu kwa ncha ya kanga, nikamwambia arudishe pamba, nusu saa bado.